Petroli ya Thurrock: kisa cha mwaka 2007 na swali la mafuta ya supamaketi

Kila baada ya wiki mbili tatu napigiwa simu ile ile. Sauti hubadilika, leo dereva wa teksi wa Reading, kesho dada anayelea wazee usiku kule Luton, lakini swali halibadiliki: "Fundi, ni kweli mafuta ya supamaketi yanaua injini?" Wanaouliza hawajalitunga. Wamelirithi kwa mtu aliyekuwa Uingereza mwaka 2007, na mtu huyo hakusema uongo. Mwaka huo petroli iliyouzwa kwenye vituo vya supamaketi iliharibu magari kwelikweli, maelfu ya magari, kusini mashariki mwa nchi, ndani ya siku chache. Mimi nilikuwa mashariki mwa London, kwenye gereji ya watu watatu chini ya tao la reli, na magari saba ya kisa hicho yalipita mikononi mwangu.

Nakieleza chote kwa sababu kinachosimuliwa mitaani ni kipande. Watu wanakumbuka mafuta yalinunuliwa wapi. Yaliharibikia wapi, hilo wamelisahau, na humo ndimo lilimo jibu la swali lao.

Gari lenye pumu

La kwanza lililetwa Jumanne, tarehe 27 Februari, na dada mmoja muuguzi, mzaliwa wa Voi. Salamu zenyewe zilikuwa za haraka, alikuwa anawahi zamu. "Kaka, gari langu limepata pumu," akaniambia. "Nikikanyaga mafuta linashtuka, linakohoa, halafu linakataa kupanda. Na hii taa ya njano haizimi tangu jana." Nikamuuliza amejaza lini mara ya mwisho. Jumapili, akasema, tangi zima, kwenye kituo cha supamaketi anakofanya manunuzi yake ya wiki. Nikaliandika hilo kwenye karatasi ya kazi kwa mazoea tu. Wakati ule halikuniambia kitu.

Nikachomeka mashine ya kupimia. Kodi ya hitilafu iliyotoka ilihusu sensa ya oksijeni, kipimo kinachokaa kwenye ekzosi kabla ya masega yanayosafisha moshi: inajibu polepole mno. Sensa huchakaa, na gari lilikuwa la miaka sita, kwa hiyo nikachukua spana ya 22 nikaifungua. Hapo nikasimama. Kwenye injini isiyo na ugonjwa, ncha ya sensa inayokaa ndani ya moshi huwa ya kijivu au kahawia hafifu. Injini ikila mafuta kupita kiasi, inakuwa nyeusi kwa masizi. Hii ilikuwa nyeupe. Nyeupe ya chokaa, ya chengachenga, imejaa hadi kwenye vitundu vya kifuniko chake cha chuma. Nilipopitisha ukucha, unga ukabaki kidoleni.

Fundi aliyezoea sensa anajua weupe huo ni wa silikoni, na njia za kawaida za silikoni kuingia kwenye moshi ni mbili. Ya kwanza ni maji ya rejeta: kulanti nyingi zina silikati, na gasketi ya silinda hedi ikivuja zinaingia kwenye silinda na kuungulia humo. Ya pili ni gundi ya gasketi, ile ya tyubu, mtu akipaka aina isiyofaa kwa injini zenye sensa. Nikapima presha ya rejeta, haikushuka. Nikamuuliza dada kama kuna fundi aliyeifungua injini karibuni. Hakuna. Njia zote mbili zikafungwa, nami ya tatu sikuwa nayo. Nikafunga sensa mpya, nikafuta kodi, nikalizungusha gari mtaani, likavuta vizuri. Akalipa, akaenda kazini.

Alhamisi akarudi. Pumu ile ile, taa ile ile. Sensa niliyoifunga siku mbili nyuma, haijatembea hata kilomita 150, ilikuwa imeshapakwa chokaa. Hapo ndipo nilipojua kwamba injini haina ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa tangini, na mimi nilikuwa nimempa sensa mpya anywe sumu ile ile. Alikuwa amelipia kazi ambayo haikumtibu, na hilo lilinikaa moyoni kwa muda mrefu.

Mchanga ndani ya moshi

Ili kuelewa jinsi petroli inavyoweza kuangusha gari bila kuigusa pistoni, lazima uijue kazi ya sensa hiyo. Ni kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia, ukubwa wa ncha ya kidole, kilichopakwa platinamu nyembamba ndani na nje. Upande wa nje unagusa moshi, wa ndani unagusa hewa ya kawaida. Kikipata moto wa nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazaa umeme: karibu volti 0.9 moshi ukiwa umeishiwa oksijeni, karibu 0.1 oksijeni ikiwa imebaki nyingi. Kompyuta ya gari inausoma umeme huo bila kupumzika, na kwa huo inaamua nozeli zimwage petroli kiasi gani.

Silikoni iliyochanganyika na petroli huioni kwa jicho. Ikiungua inageuka silika, kitu kile kile kinachofanya mchanga na kioo. Kwa hiyo kila silinda ilipowaka ilikuwa inarusha vumbi la kioo kwenye ekzosi, na vumbi hilo linatua juu ya sensa na kuiziba. Kwanza sensa inachelewa kujibu. Kisha inajibu isivyo. Kompyuta inaendelea kuiamini, kwa maana haina mwingine wa kumuuliza, inazidisha petroli au kuipunguza pasipo sababu, na injini inaanza kumisi, yaani kukosa kuwaka sawasawa. Hesabu zikikataa kabisa kukubaliana, gari linajilinda: linakata nguvu, likuache ufike nyumbani taratibu. Ndiyo maana madereva wengi walisimulia jambo moja kwa maneno yanayofanana, gari linashtukashtuka, halafu linanywea.

Hii pia inaeleza kwa nini jirani wawili waliojaza kituo kimoja siku moja hawakupata yaliyo sawa. Mmoja alikuwa na nusu tangi ya petroli nzuri, mwingine alifika tangi tupu. Sensa za watengenezaji nazo hazifanani, nyingine huvumilia zaidi. Wenye magari ya dizeli hawakuguswa, petroli ndiyo iliyokuwa mbovu. Na mzee mmoja wa mtaa wetu, mwenye gari la zamani la karbureta lisilo na sensa hata moja, alipita gerejini mwezi mzima akitupungia mkono.

Sensa ndiyo iliyokufa kwanza kwenye magari niliyoyapokea mimi. Ingekuwa watu wameendelea kujaza mafuta yale kwa miezi, masega nayo yangezibika, na hapo bili ni nyingine kabisa.

Maabara iliyosema hakuna kasoro

Tarehe 28 Februari habari ikatoka hadharani. Kabla ya hapo, kwa siku kadhaa, kila dereva alikuwa peke yake na gari lake, na kila fundi na kodi zake. Kuanzia Jumatano hiyo watu wakaanza kulinganisha, na jambo moja likajitokeza haraka: wengi walikuwa wamejaza petroli isiyo na risasi kwenye vituo vya supamaketi, hasa Tesco na Morrisons, na wengi walikuwa kusini mashariki mwa Uingereza.

Jibu la kwanza kutoka upande wa wauzaji lilikuwa kwamba vipimo havijaonyesha kasoro. Nimewasikia wengi wakiliita jibu hilo uongo. Nadhani kilichotokea kinatisha zaidi ya uongo. Petroli inayouzwa Uingereza lazima itimize kiwango cha BS EN 228, nacho kina orodha yake: okteni, salfa, benzini, risasi, uzito, wepesi wa kuvukiza, masalia ya gundi na mengineyo. Silikoni haikuwa miongoni mwa vitu vinavyopimwa, kwa sababu petroli haitarajiwi kuwa nayo. Sampuli ikapelekwa, ikapimwa kwa uaminifu kila kilicho kwenye orodha, ikafaulu. Mtu wa maabara akaandika "sawa" na hakukosea. Wakati huo huo mama mmoja alikuwa amekwama kwenye barabara ya M25 na watoto ndani ya gari.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo katika kisa hiki. Mafundi na madereva walikuwa na ushahidi mkononi, wa kushikika, mweupe, kabla maabara haijaupata. Ule unga wa kwenye sensa ulikuwa unataja jina la kitu chenyewe. Ilitakiwa mtu auulize ule unga kwanza, kisha arudi kwenye mafuta akitafuta kitu hicho hicho. Ilipofanyika hivyo, jibu halikukawia: tarehe 2 Machi ikatangazwa kwamba silikoni imepatikana kwenye sampuli za petroli. Tesco wakaanza kumwaga na kujaza upya matangi ya vituo vyao 150 hivi, Morrisons wakasitisha petroli hiyo kwenye vituo 41.

Njia ya mafuta ikafuatwa kinyumenyume, kutoka pampu hadi boza, kutoka boza hadi depo. Ikaishia West Thurrock, Essex, ukingo wa kaskazini wa mto Thames, karibu na daraja la Dartford, kwenye matangi ya kampuni ya kuhifadhi ya Vopak. Humo ndimo walimokuwa wakipakia wasambazaji Harvest Energy na Greenergy, waliokuwa wakiwauzia supamaketi. Silikoni haikutiwa kituoni. Ilishakuwamo kabla boza halijafunga mfuniko.

Watu huniuliza silikoni iliingiaje kwenye petroli kwa jumla, maana si kitu cha kudondoka chenyewe. Wataalamu wa mafuta wanazijua njia mbili. Petroli ikishatoka kwenye kiwanda cha kusafishia huchanganywa na vimiminika vingine ili ifikie kiwango, na ikitokea mchanganyaji ametumia viyeyushi vilivyokwisha kutumika viwandani, silikoni huja navyo. Njia nyingine ni dizeli: dizeli hutiwa chembe za silikoni kihalali kabisa ili isitoe povu wakati wa kujaza, na tangi au bomba likichanganya mambo, kilicho dawa kwa dizeli kinakuwa sumu kwa petroli. Watengenezaji wa magari duniani wameshaandika kwenye mwongozo wao wa pamoja wa mafuta kwamba silikoni, hata kidogo, inaweza kuangusha injini kabla tangi moja halijaisha. Mimi nililiona hilo kwa dada wa Voi, kwenye kilomita 150.

Je, urahisi ndio uliotuponza?

Sasa turudi kwenye swali la simu. Mafuta yalikuwa ya supamaketi, mafuta yaliharibu magari. Je, yaliharibu kwa sababu ni ya bei rahisi?

Ukisimama kwenye depo yoyote ya Uingereza ukatazama maboza yanavyopakia, swali linaanza kuyeyuka. Boza lenye nembo ya kampuni kubwa ya mafuta linaingia, linanyonya kwenye bomba la kupakilia lile lile lililonyonywa na boza la supamaketi dakika ishirini zilizopita. Kampuni zina mikataba ya kubadilishana: wewe una matangi kusini, mimi kaskazini, wateja wako wa kaskazini wachote kwangu, wangu wa kusini wachote kwako. Petroli ya msingi ni moja. Kinachotofautiana ni dawa inayoongezwa wakati boza linajazwa, na hiyo nitaifikia. Kama silikoni ingekuwa kwenye tangi la depo linalochotwa na kampuni yenye jina kubwa, lita yake ingekuwa ghali na sensa ingekufa vilevile.

Urahisi wenyewe unatoka kwingine. Supamaketi zinauza zaidi ya asilimia 40 ya mafuta yote ya magari Uingereza kwa vituo vichache mno ukilinganisha na jumla ya vituo vya nchi, kwa hiyo kila pampu inafanya kazi kubwa. Ardhi wanayo tayari, maegesho yapo, na mteja aliyekuja kujaza tangi ataingia dukani kununua mkate na maziwa. Wanaweza kuridhika na faida ndogo kwa lita. Kwamba tofauti iko kwenye faida, mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, iliionyesha kwa namba mwezi Julai 2023: kati ya mwaka 2019 na 2022 faida ya supamaketi kwenye mafuta ilipanda kwa wastani wa peni 6 kwa lita. Bei ilisogea, petroli ni ile ile.

Kwa hiyo jibu langu kwa kisa cha 2007 ni hili. Mafuta yale yalikuwa machafu, na uchafu uliingia kwenye mnyororo kabla ya kufika kwa muuzaji. Supamaketi zilionekana zaidi kwa kuwa zilikuwa wateja wa depo hiyo na kwa kuwa zinauza mafuta mengi, hivyo kosa la tangi moja liliwafikia maelfu ndani ya wiki. Bei haikuwa na mkono hapo. Lakini sitaki kuwasafisha kupita kiasi. Anayeuza ndiye anayewajibika kwa mnunuzi, na sheria ya Uingereza ya wakati ule, ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1979, ilisema hivyo wazi: bidhaa iwe ya ubora unaoridhisha, na deni lake ni la muuzaji. Dereva halazimiki kumtafuta mwenye tangi la Thurrock. Tesco na Morrisons walikubali kulipa gharama za matengenezo kwa wenye ushahidi, na ushahidi ulikuwa risiti ya mafuta na bili ya gereji.

Madhara ya polepole

Kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya na la Thurrock, nalo lina ukweli wake. Ni dawa ya kusafishia. Petroli inayowaka huacha utando kwenye nozeli na kwenye valvu za kuingizia hewa. Dawa inayotiwa kwenye depo inazuia utando huo, na kampuni zenye majina hutia nyingi zaidi au yenye fomula yao wenyewe. Mafuta yenye dawa kidogo hayaangushi gari wiki hii. Yanaliibia kidogokidogo, miaka mitatu minne, unaona tu kwamba asubuhi injini inatetemeka na lita hazifiki zilikokuwa zikifika.

Marekani wamelipima. Serikali ilikuwa imeshaweka kiwango cha chini cha dawa miaka ya 1990, lakini mwaka 2004 watengenezaji wa magari, BMW, General Motors, Honda na Toyota, wakaona hakitoshi, wakaanzisha alama yao ya Top Tier. Mwaka 2016 chama cha madereva AAA kikalinganisha: baada ya mwendo wa maabara sawa na maili 4,000, petroli isiyo na alama hiyo iliacha utando kwenye valvu mara 19 zaidi, kwa wastani, ya ile yenye alama. Mara 19 ni nyingi. Ila angalia nani yumo kwenye orodha ya wenye alama: Costco, duka la jumla ambako watu hupanga foleni kwa sababu ya bei. Mafuta yake ni rahisi na yana dawa. Bei ya ubaoni haikuelezi kilichomo tangini.

Hata hivyo ushauri wangu kwa wateja hutegemea injini. Kwenye injini za nozeli zinazomwaga moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo sasa zimejaa barabarani, petroli haipiti kabisa juu ya valvu za kuingizia, kwa hiyo hakuna dawa ya petroli itakayoziosha. Hapo dawa inasaidia nozeli tu. Mtu akiniambia ananunua mafuta ya bei ya juu ili kulinda valvu zake, kwanza namuuliza gari gani.

Na wengine huliingiza hapa suala la E10, petroli yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli iliyofanywa ya kawaida hapa kuanzia Septemba 2021. Hiyo ipo karibu vituo vyote, vya supamaketi na visivyo, na baadhi ya magari ya zamani hayaiwezi. Haina uhusiano na bei.

Kwetu hofu ina mzizi mwingine

Wateja wangu wengi wamekulia Afrika Mashariki, na hofu yao ya mafuta rahisi haikuanzia Thurrock. Imeanzia kwenye neno ambalo Watanzania walilifanya la kila siku: uchakachuaji. Kule bei ilikuwa na mkono kweli. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo ili maskini awashe taa na kupika, dizeli na petroli zikatozwa kubwa, na pengo hilo likawa mtaji wa wezi. Ukitia mafuta ya taa kwenye petroli, okteni inashuka, injini inagonga, na yasiyoungua yanateremka kuzimua oili. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kutia vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yagundulike, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili pengo lenyewe lifungwe. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Aliyelipia uchakachuaji mara ya mwisho ni mama mwenye kibatari.

Kwa hiyo ndugu anayeshtuka akiona lita imeshuka peni tano kwenye kituo cha supamaketi ana sababu, ila sababu hiyo ameibeba kutoka mahali ambapo kituo cha rahisi kilikuwa na kitu cha kuchanganyia na faida ya kuchanganya. Cha kushangaza ni kwamba hata Tanzania leo, tangu uagizaji wa pamoja ulipoanza, meli moja inatia nanga Dar es Salaam na kampuni zote zinagawana shehena yake. Nembo za vituo ni kumi, meli ni moja. Thurrock ilikuwa hivyo hivyo: matangi machache, majina mengi.

Risiti na chupa

Yule dada wa Voi alikuwa na tabia iliyomwokoa. Risiti zote za mafuta alizikunja na kuziweka kwenye bahasha ndani ya kidroo cha gari, kwa ajili ya hesabu zake za mwezi. Ya Jumapili tarehe 25 Februari ilikuwamo, saa na namba ya pampu. Tuliambatanisha na bili mbili za kwangu, ya Jumanne na ya Alhamisi, na sensa zote mbili nikamfungia kwenye mfuko wa plastiki wenye tarehe. Alilipwa. Wanne kati ya wale saba hawakuwa na risiti. Mmoja alisaidiwa na taarifa ya benki, watatu sijui walifikia wapi, na bado nawafikiria.

Kosa langu mimi lilikuwa moja. Alhamisi ile, nilipogundua ni mafuta, niliyanyonya yote kutoka tangini mwake nikayamwaga kwenye pipa la taka la gereji pamoja na ya magari mengine, nikasuuza mfumo, nikabadilisha chujio, nikafunga sensa ya tatu. Gari lilipona. Lakini kesho yake nilipopigiwa simu kuulizwa kama nina sampuli, sikuwa na hata tone. Lita arobaini za ushahidi zilikuwa zimechanganyika na oili chafu.

Tangu hapo chini ya benchi langu kuna kreti ya chupa za kioo zenye vifuniko vya chuma. Gari likija linamisi, na mwenyewe akasema limeanza baada ya kujaza, kabla sijafungua kitu natoa nusu lita, naandika namba ya gari, kituo, tarehe na saa iliyo kwenye risiti, naiweka mahali penye baridi. Nyingi huishia kumwagwa baada ya miezi mitatu bila kuulizwa na mtu. Wiki iliyopita niliongeza moja.